Meza ya Sauti Isiyokumbuka

Mke wangu aliuawa Bihambwe, katika shamba la maharagwe la baba yake, siku ambayo watu wenye bunduki walikutana huko na wengine wenye bunduki. Majirani walimzika palepale kabla sijafika, kisha nao wakakimbia. Baadaye nyumba yetu ya Nyabiondo iliungua na kila kitu chake: nguo, picha, hata zile sahani za wageni alizonikataza kulia chakula. Nikabaki na kitu kimoja tu alichoniachia, nacho hakikuwa cha kushika mkononi. Kilikuwa kwenye meza ya sauti ya kwaya yetu.

Meza hiyo, mashine ya kuchanganya sauti za maikrofoni, tulipewa na mfanyabiashara mmoja wa Butembo aliyekuwa na duka sokoni kwetu. Aliileta kwa lori lake kutoka Goma, juu ya magunia ya chumvi, kwa hiyo sikushangaa ilipofika na kasoro. Betri ndogo ya ndani, ile inayotunza kumbukumbu, ilikuwa imekufa. Fundi wa Goma alisema tuirudishe kwake; barabara ikasema vingine. Basi kila tulipozima jenereta, meza ilisahau yote niliyoipangia: nani ana sauti nene, nani anapiga kelele, nani apunguzwe.

Mimi ndiye niliyekuwa fundi wa sauti, na sina subira. Nikatafuta njia. Kinanda chetu kilikuwa na mdomo wa disketi, na nyuma yake matundu ya MIDI, yanayopitisha taarifa kutoka mashine hadi mashine, kama yale ya meza. Nikaviunganisha kwa waya. Baada ya mazoezi meza ilikipelekea kinanda mpango wake wote, kinanda kikauandika kwenye disketi. Jumapili tuligeuza safari, disketi ikairudishia meza akili. Disketi nyingine zote zilikuwa zimeliwa na ukungu wa milima yetu. Ilibaki moja iliyosomeka, nayo ilikuwa na nafasi ya mpango mmoja tu. Ukiandika mpya, wa zamani unafutika.

Maikrofoni ya tatu ilikuwa ya mke wangu. Ndiye aliyeongoza nyimbo, kwa sauti ya kifua, na alisimama karibu mno na maikrofoni. Kumwambia arudi nyuma ilikuwa kazi bure, hakuwa mtu wa kuambiwa. Basi nikampunguzia uzito wa chini, nikamwongezea mwanga kidogo wa juu, nikamwekea kizuizi chepesi kwa pale anapofurahi na kusahau kwamba wapo wengine wanaoimba. Ilinichukua miezi. Sijawahi kumsikiliza mtu mwingine namna ile.

Alipokufa niliendelea kurudisha mpango uleule kila Jumapili. Vifungo vya meza hiyo, kimoja kwa kila maikrofoni, huteleza juu na chini kwa injini ndogo zilizo ndani, hivyo disketi ilipoanza kusomwa vilipanda vyenyewe, bila kuguswa. Cha tatu, chake, kilipanda kuliko vyote. Akina mama wa kwaya walipoona hivyo baada ya msiba, walifanya ishara ya msalaba. Mimi nikazoea kufika kanisani kabla ya wote, nikawasha jenereta na kumngoja. Nasema kumngoja kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Maikrofoni yake ilisimama pale bila mtu, na hakuna aliyethubutu kuisogeza.

Hayo hayangeweza kudumu. Vita vilitusukuma hadi Shasha, nikiwa nimebeba meza mgongoni ndani ya kitenge kama mama na mtoto, disketi mfukoni, na tuliporudi tulikuta maikrofoni nyingi tulizoziacha zimeibwa. Kiongozi wa kwaya alinijia kwa upole. Alisema misa ya kumaliza kilio cha waliouawa inakaribia, na mdogo wa mke wangu ndiye atakayeongoza nyimbo, kwenye maikrofoni ya tatu. Nilimjibu vibaya. Nilisema aimbe kwa mpango uliopo, na asipoupenda akaimbe barabarani.

Akaja kwenye mazoezi, binti mwembamba mwenye sauti nyembamba na safi. Kupitia mpango wa dada yake, sauti hiyo ilitoka kama bati. Kila alipopanda, kizuizi kilimkaba. Akaanza kulazimisha kifua asicho nacho, akakohoa. Nikamwambia arudie, akarudia, ikawa mbaya zaidi. Hatimaye aliiacha maikrofoni, akaja mpaka kwenye meza, akasema taratibu ili wengine wasisikie:

"Shemeji, hii mpango njo ya dada. Iko nanishinda. Ni kama nimevaa nguo yake mbele ya batu. Unitengenezee yangu."

Nilimtazama, nikaona analia, na nikakumbuka kwamba marehemu alikuwa dada yake kabla hajawa mke wangu.

Nikaanza kazi. Nikaondoa kizuizi, nikarudisha uzito wa chini, nikapunguza ule mwanga ambao yeye alikuwa nao tayari. Kifungo cha tatu nikakishusha kwa kidole changu mwenyewe. Akaimba tena, na ilikuwa nzuri, kwa kweli ilikuwa nzuri, watu wakaacha kuzungumza. Nilisikiliza huku moyo unanipasuka.

Kisha ikabidi kuhifadhi. Kinanda kikauliza kama kweli kifute mpango wa zamani. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha. Namba za mpango wa mke wangu nilikuwa nimezinakili kwenye karatasi, mtu asidhani nilikuwa mjinga, na karatasi ninayo mpaka leo. Lakini karatasi haipandishi kifungo asubuhi kanisani. Shemeji yangu aliniwekea mkono begani. Nikabonyeza ndiyo.

Siku ya misa niliwahi kufika kama kawaida, nikawasha jenereta, nikatia disketi. Nikasikia zile injini ndogo zinaanza. Nikageukia ukutani, nisione cha tatu kinasimama wapi, mpaka ziliponyamaza.