Niliyewapokea Wasichana Stesheni ya Tabora

Naitwa Apolinaria, Mama Anselm, mzaliwa wa Ntalikwa. Kusoma nilifundishwa kwenye ukatekumeni, mafundisho ya kujiandaa kubatizwa, nikaishia hapo, kwa hiyo atakayeona herufi zimepinda azinyooshe mwenyewe. Lakini walimu wa kike waliotoka shule ya ualimu ya misheni yetu wakati wa Mwingereza, wale waliotawanyika wakafundisha mpaka Kigoma na Singida, walipita mikononi mwangu kabla ya kupita mikononi mwa masista. Aliyewapokea stesheni ni mimi. Aliyewaonyesha bweni, kisima, choo, na mahali pa kulilia bila kuonwa ni mimi. Anayebisha na aje.

Kazi ile niliipata baada ya mume wangu Damas kufariki. Masista walitaka mwanamke wa kuangalia bweni. Tulikwenda wengi. Nilipoulizwa kama nitakuwa mtiifu, nikasema nitatii nikiambiwa la maana. Sista mkubwa wa siku zile alicheka, akanichukua. Sista Gertruda aliyekuja baada yake hakuwa mtu wa kucheka, ila alinikuta nimekwisha ota mizizi.

Mtoto akishuka kwenye treni, katoka kwao mara ya kwanza, hajui mtu, ukimpa maneno matamu atalia wiki nzima. Mimi niliwapokea kwa utani. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo njia ile yote mpaka pwani, na kila walipopita waliacha watani. Kwa Wagogo ndiko walikolipishwa hongo, ada ya kupita na kunywa maji ya visima vyao, na ugomvi wa hongo ile wajukuu tukaugeuza kicheko. Basi kila Januari nilichukua wasichana wa mwaka wa pili, nikapanga nani amdake nani. Msichana wa Kinyamwezi akimwona Mgogo anashuka, anamkwapulia mzigo na kukimbia nao huku akimtukana matusi ya utani. Yule mgeni anafukuza, anatukana naye, wanafika misheni wanahema na kucheka. Na aliyeshika mzigo kajifunga: ataubeba mpaka kitandani, atamchotea mwenzake maji ya kuoga, atakaa naye mezani, akiugua atamuuguza. Mtani ndiye anayekuzika. Hawezi kukuibia.

Wasio na watani kwetu niliwapokea mimi, kwa uji.

Mwaka ule reli ya Mpanda ilikuwa bado mpya. Alikuja msichana mmoja kutoka Manyoni, Eustadia Chiwanga. Nilimpangia Minza, binti wa Kinyamwezi mwenye mbio na mdomo. Eustadia alishuka Jumamosi asubuhi na furushi lake kichwani, mwembamba, shingo imenyooka. Minza akalikwapua.

"Leo hongo mnalipa nyie, wanywesha watu maji ya chumvi," akamwambia, huyo, akatoka mbio nje ya stesheni.

Nikangoja nione mbio za Kigogo. Sikuziona. Yule mtoto alisimama. Akatazama kulia, akatazama kushoto, wasichana wangu wote wanacheka. Kisha akageuka, akapanda treni tena. Ndani kulikuwa na mama mmoja wa Kiha aliyekula naye njiani, mtu pekee aliyemjua, naye alikuwa anaendelea Kigoma. Nilipopenya kati ya watu waliokuwa bado wanashusha masanduku, treni ikaanza kwenda. Nilipiga kelele mpaka gadi wa treni akanipungia mkono, akidhani namuaga.

Sista Gertruda alinipokea kwenye baraza.

"Apolinaria, mtoto ameporwa mzigo stesheni, nawe unaniambia huko ni kumkaribisha?"

"Ndiyo, Sista. Kwa Mgogo ni kumkaribisha."

"Ulimuuliza kwanza kama anaujua utani wenu?"

"Mgogo asiyejua utani na Mnyamwezi? Sista, hiyo ni kama kumuuliza samaki kama anayajua maji."

"Basi samaki wako kakimbia maji. Jumatatu asubuhi naita majina. Nafasi ya serikali haikai wazi. Asipoitika, anaingia yule."

Akanionyesha kwa kidevu. Mwisho wa baraza alikaa Mzee Bundala, mkulima wa Lusu kule Nzega, na binti yake Shilinde. Binti alikosa nafasi, lakini baba yake alikataa kurudi Nzega, alisema atangoja mpaka mtu apungue. Nilipompita, mzee yule akanisalimu vizuri sana.

"Mama Anselm, pole na msukosuko. Huyo mtoto wa Manyoni usimtafute kwa haraka. Njia ni mbaya, unaweza ukaumia mguu."

"Mguu wangu uache, Mzee Bundala. Ombea wa mtu mwingine."

"Nakuombea mapumziko tu."

Jioni Saidi, karani wa simu pale stesheni, akanitumia habari: Kaliua wameshusha msichana asiye na tiketi ya kwenda mbele. Yuko nyumbani kwa Mayala, mfanyakazi wa reli. Jumapili baada ya misa nikavaa viatu vyangu vya kahawia, nikaenda. Viatu vile viliwasumbua watu. Wanawake wengi wa misheni hawakuwa navyo wakati ule, na mimi nilihakikisha wananisikia ninapopita kwenda kukomunika. Saidi akazungumza na gadi wa treni ya mizigo, akanipandisha kwenye behewa lake. Nikakaa juu ya gunia mpaka Kaliua, sikumwomba mtu maji.

Nikamkuta mtoto uani anachambua karanga na mke wa Mayala, Msukuma anayeitwa Ngollo. Akasimama, akapiga goti.

"Shikamoo."

"Marahaba. Wewe ndiye Eustadia?"

"Ndiye mimi. Umeniletea furushi langu?"

"Liko kitandani kwako."

"Mimi kwenu sina kitanda. Nimekuja kusoma, nimepokewa na wezi. Nikipata treni narudi Manyoni."

Ngollo akaacha karanga. "Ngoja. Aliyekuibia ni Mnyamwezi? Mbona hukusema tangu jana? Nimekaa namlaani mtu wa watu, kumbe mtani wako."

"Mtani ni nini?" mtoto akauliza.

Tukatazamana na Ngollo. Nikamuuliza mtoto kalelewa na nani. Akasema mama yake alifariki yeye hajaota meno, akalelewa na masista misheni ya kwao, na padre pale alikataza utani, alisema ni matusi ya kipagani. Nikakaa chini kwenye mkeka. Nikamweleza vyote, misafara, visima, hongo, mpaka mazishi. Ngollo akanisaidia, maana Wasukuma nao hawajambo kwa mdomo. Alimwambia, "Binti, mama yako angekuwa hai, ungemtukana huyu mama toka anaingia mlangoni, na karanga zangu usingempa hata moja."

Eustadia alisikiliza bila kucheka. Kisha akasema, "Kama ni haki yao kuchukua changu, haki yangu mimi iko wapi? Yule kachukua furushi. Mimi nimechukua nini?"

Hapo nikajua ni Mgogo kamili, padre hakumharibu.

"Hujachukua kitu," nikasema. "Chukua."

"Kwako wewe?"

"Aliyemtuma Minza ni mimi. Chukua unachotaka, siwezi kukunyima. Ila ukichukua, umekuwa mtani wangu, na kesho tunarudi pamoja."

Akanitazama kuanzia kilemba, akashuka taratibu. Nilifikiri atataka kanga. Macho yakafika chini, yakakaa huko.

"Viatu," akasema.

Ngollo akajifunika uso na upande wa kanga, mabega yanacheka. Kukataa nilikuwa naweza. Yeye ni mtoto, mimi ni mtu mzima, na viatu ni vyangu. Lakini ningekataa, kila nilichomwambia pale mkekani kingekuwa uongo, naye angepanda treni ya Manyoni, mwalimu mmoja akapotea. Nikafungua kamba. Mguu wa kushoto, mguu wa kulia. Akavivaa palepale. Vilimpwaya kama vinu, akatembea navyo uani huku na huku, na hapo ndipo akacheka.

"Mnyamwezi," akaniambia, sauti bado inaogopa kidogo, "miguu yako mikubwa kama ya tembo mliyembeba."

"Tulibeba pembe. Tembo mwenyewe tuliwaachia Wagogo, ndiyo maana mnafanana naye masikio."

Ngollo akasema sasa tunaweza kula.

Treni ya kutoka Kigoma ilitushusha Tabora Jumatatu asubuhi. Saidi alitoka ofisini kwake, akatazama miguu yangu, akatazama ya mtoto.

"Mama Anselm, umeibiwa?"

"Nimelipa hongo."

Kutoka stesheni mpaka misheni lazima upite sokoni, na sokoni hakuna asiyenijua. Waliniita kila upande. Wa dagaa, wa mchele, mke wa mwalimu wa Kimoraviani aliyekuwa akinionea wivu miaka mingi, wote wakapata riziki yao ya kunicheka. Sikupitia njia ya uani. Nilipita katikati, shingo juu, mtoto anabuluza viatu nyuma yangu kwaru, kwaru, kwaru.

Tulipofika ukumbini Sista Gertruda alikuwa anaita. "Eustadia Chiwanga." Kimya. "Eustadia Chiwanga." Mzee Bundala akasimama, akamnyanyua binti yake kwa kiwiko.

"Nipo, Sista," akasema Eustadia mlangoni, anahema.

Wote wakageuka. Minza alikuwa nyuma, amekaa mnyonge tangu Jumamosi, maana wenzake walimwambia atafukuzwa yeye. Alipomwona mgeni wake, mdomo ukamrudia.

"Mtani, umeshiba maji ya Kaliua?"

Eustadia akamtazama.

"Nyamaza, mpagazi. Nenda kanichotee ya kuoga. Umenichelewesha."

Ukumbi mzima ukacheka, Minza kuliko wote, tayari kasimama kutafuta ndoo. Sista Gertruda akangoja wanyamaze. Akatazama viatu, kisha akaitazama miguu yangu yenye vumbi la mji mzima, muda mrefu. Nami nikamtazama. Akaweka alama kwenye karatasi yake, akaita jina lililofuata.

Mzee Bundala akaketi. Nilimpitia nikielekea jikoni, nikamwambia asiondoke kabla ya uji, na mwakani amlete Shilinde mapema. Akaniuliza kama mwakani bado nitakuwa napokea wageni.

"Nani mwingine?" nikasema.