Sabato Niliyouza Tanki

Mimi najisifu, sikatai, na mtu aliyeanza kwa kuponda mawe akaishia na duka la mabati na matanki pale Rodi Kopany, bila hata kumaliza darasa la sita, asipojisifu atasifiwa na nani? Lakini kuna siku moja nikiikumbuka hata mimi huangalia chini, na naisimulia mwenyewe kabla watu wa kanisa hawajaisimulia vibaya zaidi.

Ilikuwa Sabato. Sisi ni Waadventista, duka tunalifunga Ijumaa jua likizama, na kanisani wakati huo mimi nilikuwa nakaa mbele (paa lile ni mabati yangu). Akinyi, binti yetu wa miaka sita, alikuwa na mafua, nikamwambia mama yake atangulie, mimi nitabaki na mtoto. Hata hajafika barabarani simu ikalia: mteja ametoka Ntimaru na pikapu, anataka tanki, na hawezi kungoja. Nikasema nitafungua mlango nusu tu, dakika kumi.

Nikaenda dukani na Akinyi, na mteja akaanza kuligongagonga tanki. "Mzee, hii si itapasuka?"

Ipasuke? Tanki langu? Nikambeba Akinyi nikamsimamisha juu. "Cheza, mama, aone!" Akacheza. Tanki halikupasuka, hilo mliandike, lakini mtoto aliteleza akaangukia saruji kwa kichwa. Akalia, halafu akatapika. Nilimkimbiza hospitali Homa Bay nikimwambia asilale, asilale, na habari kwamba mtoto anakimbizwa hospitali ikafika kanisani, kwa sababu daktari aliponiuliza, "Ameangukia wapi?", mlango ulifunguka akaingia Mama Akinyi, na nyuma yake akina mama wa kwaya na mzee wa kanisa.

Ulimi ukaenda wenyewe. "Kitandani, daktari. Tulikuwa tunasoma Biblia."

Daktari, dada kijana mwenye macho makali, akamgeukia mtoto.

"Leo ni siku gani?"

"Sabato."

"Ulianguka wapi?"

"Kwa tanki. Nilikuwa nadansi dukani."

"Si mnaona?" nikasema mimi. "Ameanza kuchanganyikiwa." (Nilisema hivyo, mtoto wangu akinisikia.)

"Baba, si wewe uliniweka?"

Nikaangalia dirisha. Daktari akaandika, akasema ingekuwa kutapika peke yake angemwangalia tu hapo hapo, lakini mtoto asiyejua kilichompata ni jambo lingine, apelekwe Kisumu akapigwe picha ya kichwa, sasa hivi. Mama Akinyi akakaa chini sakafuni na nguo yake nyeupe. "Yawa, nyathina! Mtoto wangu!" Akina mama wakaanza kuomba kwa sauti. Nesi akamshika Akinyi mkono kumtafutia mshipa, na mtoto akapiga kelele, si ya maumivu, "Ilikuwa tanki! Ilikuwa tanki!", akinitazama mimi tu.

"Daktari, ngoja!" nikasema. "Kichwa chake kiko sawa. Mwongo ni mimi."

Maombi yakakatika. Nikaeleza yote, mteja, mlango nusu, dansi.

"Leo, ndugu?" akauliza mzee wa kanisa.

"Leo, mzee. Saa nne."

Mama Akinyi hakujali Sabato. "Baba Akinyi, yaani ungeacha mtoto aonekane amerukwa na akili, wewe ubaki msafi?"

Daktari akampima upya, macho, kutembea, kukumbuka, akasema ubongo umetikisika, tukae naye pale hadi jioni, na nyumbani apumzike siku kadhaa, bila televisheni, bila kukimbia, bila kelele, na akitapika tena au tukishindwa kumwamsha tumrudishe mbio. "Na wewe mzee," akaniambia, "dawa yangu nilikuwa naipima kwa maneno yako."

Basi duka nikalifunga siku nne, nikakaa naye chumbani pazia limeshushwa, mtu wa sauti kama yangu nikinong'ona. Siku ya tatu akaniuliza, "Baba, mimi ni mwongo?"

"Hapana, mama. Ulisema kweli."

"Lakini wale wamama hukuwaambia mimi si mwongo."

Sabato iliyofuata nilisimama kanisani nikawaambia wote, jina lake kwanza, kwamba Akinyi si mwongo, mwongo ni mimi, kisha nikaenda kukaa nyuma karibu na mlango, na bado nakaa huko. Matanki yangu bado ndiyo imara kuliko yote Rodi Kopany. Lakini tukienda hospitali siku hizi, daktari akiuliza swali, mimi nafunga mdomo, namwacha Akinyi ajibu kwanza.