Yai Nililomlisha Wakesho

Miaka ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana huko Wusi, nimejaa bidii ya kanisa kuliko akili. Mwanafunzi wangu Wakesho alipokataa yai katika somo la chakula bora, nikajua ni ule mwiko wa kizamani wa kuwanyima wasichana mayai. Nikahubiri, kisha nikamlisha kwa mkono wangu mbele ya darasa. Nikapigiwa makofi.

Muda si muda midomo ikamvimba, macho yakazibika. Nikambeba mbio hadi zahanati, akadungwa sindano, akapata nafuu. Mama yake akafika na jembe mkononi.

“Mwalimu, kwetu mayai tunakula sote. Ni huyu tu anayedhurika nayo. Mbona hukumuuliza?”

Wakesho akanijibia kwa midomo ileile iliyovimba:

“Mama, usimgombeze. Nilimwambia, lakini alikuwa anahubiri.”