Mpiga Picha na Kadi ya Mkunga

Mtaa mzima ulimwita Mwanga, na mtaa mzima ulijua kuwa ni mwoga. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, na tangu watafiti wa mimea wamwalike kwenda kuwapigia picha wiki sita katika msitu wa mvua, aliogopa nyoka, ruba, na kuvu inayoota ndani ya lenzi kwa unyevu. Kitu kimoja tu hakuwahi kukiogopa: kazi yake. Studio aliirithi kwa baba yake, na kwa miaka arobaini hakuna mteja aliyetoka pale akisema picha yake imepotea.

Wiki ile ya mwisho kazi zilimwandama. Jumatatu picha za pasipoti. Jumanne darasa la watoto arobaini na wawili, wakifumba macho kwa zamu. Jumatano alikwenda nyumbani kwa mkunga mstaafu, bibi aliyezalisha nusu ya mtaa, akampiga picha sita kando ya dirisha. Maishani mwake bibi yule alikuwa na picha moja tu, ya kitambulisho.

Ijumaa asubuhi bibi akaaga dunia.

Mchana huo Mwanga alikuwa akifunga mizigo, kwani gari la watafiti lingeondoka kesho yake alfajiri. Lenzi alizitia kwenye visanduku visivyopitisha hewa, pamoja na vipakiti vya kukausha unyevu. Kisha akazigeukia kadi za kamera, nane mezani. Utaratibu wa studio ulikuwa mmoja: kadi ambayo picha zake hazijahamishiwa kwenye kompyuta hulazwa kifudifudi, iliyokwisha kuhamishwa hulazwa chali. Zote nane zilikuwa chali. Akazifuta moja baada ya nyingine, na kwa ile ya mwisho akapiga picha kadhaa kujaribu kifuniko cha kuikinga kamera na mvua.

Saa tisa akaingia binti wa mkunga, fundi cherehani, macho yamemvimba.

"Kaka, nimefuata picha ya mama. Mazishi ni kesho."

Mwanga akafungua kompyuta. Jumatatu ipo. Jumanne ipo. Jumatano hakuna.

"Bado naisafisha, dada," akasema. "Pitia saa kumi na moja."

Binti alipoondoka, Mwanga aliita kwa sauti isiyo yake. "Shangazi! Nani kagusa kadi?"

Shangazi yake, aliyeitunza studio ile tangu enzi za kaka yake, baba wa Mwanga, akatokea na kitambaa mkononi. "Mimi. Nimepangusa vumbi. Nyingine zililala hovyo, nikazigeuza zote zitazame juu, zipendeze."

"Umeniua!"

"Maiti hapigi kelele. Sema kuna nini."

Akamweleza. Shangazi akakaa kitini polepole, kitambaa kikamdondoka.

"Nitasema kadi imeungua," Mwanga akanong'ona. "Vitu vya umeme, nani atajua? Kesho mimi sipo."

"Wiki sita utajificha na nyani. Ya saba je? Jina la nyumba hii si koti, uliache msumarini ukisafiri. Niliyezigeuza ni mimi, na hilo nitalisema kwa kinywa changu. Uliyefuta bila kuchungulia ni wewe."

"Naogopa, shangazi."

"Basi ogopa huku unatembea."

Akatembea. Hakusimama hadi mlangoni kwa fundi cherehani. Mashine ilikuwa ikinguruma juu ya kitambaa cheupe. Alipoanza kusema, ikanyamaza.

"Ulisema unaisafisha," binti akasema.

"Nilidanganya. Niliogopa."

"Na sasa?"

"Naogopa zaidi."

Akamweleza kwamba kufuta kadi ni kama kuchana orodha ya yaliyomo kitabuni. Kurasa zenyewe hubaki, mpaka picha nyingine zipigwe juu yake. Lakini kadi moja alikuwa ameipigia picha nyingine, na hakujua kama ndiyo yenye picha za mama.

Binti akajifunga mtandio, akamfuata.

Wakakaa watatu mbele ya kompyuta. Programu ya kurudisha picha ilikwenda mwendo wa kobe. Shangazi alikiri kosa lake mara moja, wazi. Kadi ya kwanza, hakuna. Ya nne, hakuna. Ya nane ndiyo iliyokuwa na picha za kifuniko cha mvua, na humo ndimo ilimojitokeza Jumatano: picha tano zimechanika mistari mistari, hazina macho wala mdomo. Ya sita ikashuka taratibu: nywele, paji la uso, macho, kidevu, kola ya gauni. Hapo ikakoma. Chini kote kijivu.

Binti aliitazama muda mrefu.

"Uso upo," akasema. "Ichapishe."

"Dada, nisamehe..."

"Kesho watu wataniuliza kwa nini mama amekatwa kifuani. Nitawaambia yote mawili: kwamba uliifuta, na kwamba ulikuja kuniambia kwa miguu yako."

Maneno hayo yangesemwa mbele ya mtaa mzima, naye Mwanga yuko njiani kwenda msituni, hawezi kuyasikia wala kujitetea. Nyoka wote wa dunia hawakuwahi kumtisha hivyo. Mwanga alifungua kinywa amwombe aseme lile la pili tu. Akakutana na macho ya shangazi, akakifunga, akawasha mashine ya kuchapia.