Fimbo Ilivyopita kwa Pilipili

Jumapili nilikuwa nasubiri mishikaki yangu katika mkahawa mmoja wa Nyakabanda. Meza ya jirani, wazazi walikuwa wanapanga shule mpya. Kiwanja hawajapata, lakini walishagawanyika nusu kwa nusu juu ya fimbo: itumike au isitumike?

"Mutoto yangu hatapigwa!" alisema mama mmoja fundi cherehani, kidole kikigonga meza.

Mwenyekiti, mzee mwenye tai, akasimama. "Maneno iko mingi. Sasa ni kula!"

Alikusudia kura, lakini ndimi za hapa kwetu hazibagui r na l. Sahani yangu ya mishikaki ndiyo kwanza ilikuwa inapita karibu nao. Wakaivamia.

Mwenyekiti hakutetereka. "Wenye kutaka fimbo, mukono juu!"

Yule mama akainua wake, umeshika mshikaki, akimwita mhudumu: "Pilipili!"

"Fimbo imepita," akatangaza mwenyekiti. "Hata mama amekubali."

"Oya, hapana! Mimi niliomba pilipili!"

"Kula ni kula, mama."

Siku hizi vyama vipya vinatuahidi kura kila kona. Nami, nikikumbuka sahani yangu tupu, nauliza tu: ni ile yenye r, au yenye l?