Barua Mbili za Baraza la Funza

Kosa ni langu. Nalisema mapema ili msihangaike kumtafuta mwingine.

Nilitoka Morogoro asubuhi moja, jua halijapanda juu ya milima, sina mzigo wala mahali pa kwenda. Nilipofika njia panda nikafuata mguu ulioanza. Nilichojua ni kwamba siwezi tena kumtazama usoni mtu yeyote wa Uluguru. Jina langu silitaji. Mkilijua mtanitukana mimi peke yangu, nami nataka na ninyi mjitazame.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Shule niliiacha kabla sijamaliza kitabu cha pili, maana mwalimu alitaka tukariri, na mimi nilitaka kuuliza. Lakini kuandika nilijifunza, tena mwandiko wangu ni mzuri. Laiti ungekuwa mbaya!

Mnaukumbuka mwaka ule funza walipoingia. Walikuja na misafara kutoka bara, wamejificha kwenye vidole vya wapagazi, na kabla mvua hazijanyesha walikuwa wameshapanda mpaka vijiji vya juu kabisa. Watu wazima wakawa wanatembea kwa visigino. Wengine walitambaa kwenda shambani. Boma lilikuwa na Mdachi, Mdachi alikuwa na bunduki, lakini funza hapigwi bunduki.

Kwa udadisi wangu nikaanza kuulizauliza, kijiji hadi kijiji. Nikagundua jambo ambalo mpaka leo linanitia hasira kwa jinsi lilivyokuwa rahisi.

Mzee Mloka, mhunzi, alikuwa amefua sindano yenye ncha iliyopinda kidogo. Kwa sindano hiyo alimtoa funza mzima, na mfuko wake wa mayai, bila kumpasua. Lakini tundu lililobaki lilioza.

Bibi Mkami, mganga wa ng'ambo ya bonde, alikuwa na dawa ya majani iliyofunga tundu siku mbili tu. Lakini yeye alimchokonoa funza kwa mwiba, mwiba ukampasua, mayai yakabaki ndani.

Na wapagazi wa Kinyamwezi waliopiga kambi chini mjini walijua kwamba funza huzaliwa kwenye vumbi kavu. Wao walinyunyiza maji na kusiriba sakafu kwa samadi. Hakuna aliyewauliza. Walionekana ndio walioleta balaa, basi.

Pande tatu, kila upande una kipande chake, na hawasemezani! Mloka alimwita Bibi Mkami mchawi. Bibi Mkami alisema chuma hakiingii kwenye kidonda cha mtu aliye hai. Na wote wawili walimcheka Mnyamwezi.

Nikasema moyoni: nitawakalisha pamoja siku tatu, kila mmoja aonyeshe anachokijua, kila mmoja aulizwe. Nikapanda kwa Bibi Mkami.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Wewe tena? Jana uliniuliza kwa nini kinyonga anabadilika rangi. Leo ni nini?"

Nikamweleza. Akamtazama mjukuu wake aliyelala kwenye ngozi. Binti yule alikuwa ameshapoteza vidole viwili vya mguu.

"Dawa hii ni ya ukoo wa mama yangu," akasema. "Haijatoka nje hata siku moja. Lakini mtoto huyu ndiye angerithi, na hawezi hata kwenda kuichuma. Nitaisema mara moja tu, mbele ya wote. Atakayesikia asikie."

Niliteremka mlima nikiwa kama nina mabawa, na Mloka na wapagazi nao wakakubali. Mjinga mimi!

Kwani nilijiona bwana mkubwa. Nikafikiri baraza haliwi baraza bila wali. Nikafikiri lazima pawe na banda zuri, chumvi, na magunia ya mchele. Nikaenda dukani kwa Bwana Jiwa, Mhindi aliyekuwa akiniuzia karatasi, nikamwomba msaada.

"Chumvi nitakupa," akasema. "Mchele mwingi hivyo sina. Waandikie wakubwa. Lakini wewe, andika kama muuza duka. Mteja akitaka kaniki nyeusi, usimsifie bafta nyeupe."

Nikacheka, nikaona amesema hekima. Simlaumu. Yeye aliniuzia karatasi na wino tu. Mkono ulioandika ni huu.

Barua ya kwanza nilimwandikia padre mmoja aliyekuwa na banda kubwa lenye uwanja. Nikaandika kwamba waganga wa milimani watakusanyika siku tatu, nao watazitupa dawa zao za kishenzi mbele ya Padre na kuomba dini. Ya funza nikaitia mstari mmoja, mwishoni.

Barua ya pili nilimwandikia Mzungu mwenye shamba jipya la kahawa bondeni. Nikaandika kwamba wanaume wengi wenye nguvu watakuwa mahali pamoja, na Bwana atajionea mwenyewe wanaofaa kazi. Ya funza sikuitia kabisa.

Mtasema: ulijua unachofanya. Hapana! Nilidhani ni maneno tu ya kufungulia mlango, na kwamba ukishaingia ndani unaweza kuyaacha nje kama viatu. Banda likapatikana. Mchele ukaja, magunia mawili. Nikatembea mjini kifua mbele.

Siku ya kwanza, asubuhi, ilikuwa nzuri kiasi kwamba nikiikumbuka nataka kupiga kitu.

Mnyamwezi mmoja alisimama akaonyesha jinsi ya kusiriba sakafu. Kijana wa milimani akamkatiza: "Si ninyi mliomleta mdudu huyu?"

"Sisi tulimleta, lakini ninyi mlimtandikia kitanda!" akajibu. Banda zima likacheka, hata Bibi Mkami.

Kisha Mloka akakaa mbele ya yule mjukuu, sindano mkononi. Bibi Mkami mwenyewe akaushika mguu.

"Taratibu, baba. Usimchome kama unafua jembe."

"Jembe hulia kuliko huyu, Bibi. Tazama."

Funza akatoka mzima, mweupe kama punje ya mchele. Bibi Mkami akamchukua kwenye kiganja, akamgeuzageuza, akamtazama Mloka kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama. "Kumbe," akasema. Neno moja tu. Kisha akavuta kifurushi chake, akaanza kufungua fundo.

Hapo ndipo padre alipoingia. Nyuma yake mtu amebeba beseni.

"Mama, tupa humu," padre akasema, anatabasamu.

"Nitupe nini?"

"Dawa zako. Mmeahidi wenyewe."

"Nani ameahidi?"

Padre akatoa barua yangu mfukoni. Na kabla sijafungua mdomo, msimamizi wa shamba la kahawa akatokea mlango wa pili na watu wake na kamba. Yeye naye ana karatasi, anaipunga kama bendera.

"Bwana ametoa mchele, mmekula," akasema. "Sasa simameni tuwaone. Wewe. Wewe. Na wewe mwenye mikono ya nyundo, mzee, bado unafaa."

Walichukua wanaume saba. Mloka alikuwa wa kwanza kufungwa. Sindano ilidondoka, na katika purukushani hiyo mtu akaikanyaga, ikavunjika. Nilimfuata msimamizi nikipiga kelele kwamba amekosea, kwamba barua haikuwa na maana hiyo. Akanionyesha mwandiko wangu.

"Hii si yako? Mbona nzuri hivi?" akasema, akacheka.

Niliporudi ndani, padre alikuwa bado amesimama na beseni lake tupu. Bibi Mkami alikuwa amekaa palepale.

"Mimi umeniandikaje?" akaniuliza.

"Bibi, nilitaka tu tupate mchele..."

"Sikukuuliza mchele. Soma."

Nikaichukua barua mkononi mwa padre, nikasoma. Penye lile neno "kishenzi" nilisimama, akaningojea mpaka nikalitoa. Watu wote wakasikia.

Akalifunga tena fundo lake. Akambeba mjukuu mgongoni, na yule ni binti mkubwa, si mzigo wa bibi kizee. Mlangoni akageuka.

"Mchele," akasema. "Sisi tungekuja na mihogo yetu."

Jamani! Mihogo yetu! Wangekuja na mihogo, wangekaa chini ya mti wowote, wangezungumza. Sikuhitaji padre. Sikuhitaji mwenye shamba. Nilihitaji kuwaita tu, na nilikuwa nimeshawaita!

Nawakasirikia wale wawili, ndiyo. Padre aliona watoto wasio na vidole akatafuta mahali pa kutupia dawa. Mwenye shamba alihesabu mikono, miguu hakuitazama. Lakini wao walipewa kile walichoandikiwa. Mimi ndiye niliyekuwa na sura mbili, huku mwana wa watu, huku muuza watu.

Ninyi mnaojua kuandika, nawaambia: ukiombea watu msaada, barua hiyo isomee wao kwanza, kwa sauti, kabla hujaifunga. Kama kuna neno utakaloliruka ukiwasomea, choma karatasi hiyo. Na msijidanganye kwamba mtamweleza mkubwa ukweli akishatoa. Akishatoa, ukweli ni ule aliousoma.

Siku ya nne miguu ilinifikisha Turiani. Simjui mtu hapo. Mama mmoja mjane, mkulima wa mpunga, alinikuta nimekaa kando ya njia akanipa kibanda chake cha jikoni na mkeka, hakuuliza jina. Aliuliza nilikotoka tu.

"Morogoro, mama."

"Ooh!" Akaja karibu, anachechemea. Akakaa, akaninyooshea mguu wake wa kulia uliovimba. "Tunasikia huko kwenu milimani kuna bibi anayefunga tundu la funza kwa siku mbili. Ni jani gani hilo, mwanangu?"

"Sijui, mama," nikamwambia.