Risasi Nyepesi za Jirani Yetu

Wiki iliyopita tulibomoa nyumba ya nyanya. Nasema tulibomoa, lakini mchwa walikuwa wameshaimaliza kazi, sisi tulisukuma tu. Nilikuwa nimefika asubuhi kutoka Oyugis, nimevaa viatu vya mjini visivyojua matope, nikasimama kando kutazama udongo ukianguka mapande mapande. Mmoja wa vibarua akainama, akaokota kitu kwenye kifusi na kukifuta kwa kidole gumba. "Mama, hii ni nini? Inakaa kama kifuniko ya biro." Nilikijua hata kabla hakijafika mkononi mwangu. Lilikuwa ganda la risasi, dogo, jembamba, shaba yake imegeuka kijani. Mimi ndiye niliyelisukuma ndani ya ukuta ule, nyuma ya kitanda changu, nikiwa msichana wa darasa la tatu, miaka michache baada ya uhuru. Na hasira nayo ikarudi, rafiki yangu, mbichi kabisa, kana kwamba ilikuwa imekaa mle ukutani ikinisubiri.

Nyumba hiyo ilikuwa juu ya kilima kimoja si mbali na Kosele. Wazazi wangu walikuwa wakichuma chai upande wa Kericho, kwa hiyo nililelewa na nyanya, na babu nilimjua kwa kaburi lake tu. Tulilima mahindi, karanga na mtama kidogo, na chini kabisa, pale shamba lilipokutana na miti ya mtoni, ndipo walipokaa maadui zetu. Tumbili. Wewe uliyekulia mjini utasema ni wanyama wa kuchekesha. Tumbili hali hindi moja akashiba. Huvunja, huuma mara moja, hutupa, huvunja jingine, na mwanamke akimfukuza humwangalia kwanza kama anayeuliza huyu naye ni nani. Nyanya alikuwa akisema mwaka wa tumbili ni mwaka wa kukopa unga, na nilipoona mabua yamelala chini nilijua uji wa jioni utakuwa mwepesi.

Kilima kizima kilikuwa na bunduki moja tu, na mwenyewe alikuwa jirani yetu wa upande wa juu. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye shamba la mzungu, na mzungu alipofunga mizigo yake wakati wa uhuru alimwachia bunduki ndogo pamoja na sanduku la vifaa vya kutengenezea risasi. Ofisi ya wilaya ilimpa kibali cha kuua waharibifu wa mazao. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya kaki ambayo hakuivua ila kanisani. Watoto wote walimwogopa isipokuwa mimi. Mimi aliniita nyakwara, yaani mjukuu wangu, ingawa hatukuwa na undugu wowote.

Malipo yake hayakuwa fedha. Akimuua tumbili shambani kwako, alikuletea mkia mlangoni uuone kabla ya kwenda kuuanika kwake, nawe ukamchinjia kuku. Na firigisi ilikuwa yake. Huko kwetu firigisi si nyama ya mtu yeyote tu, ni ya mwenye nyumba. Nyumba yetu haikuwa na mwenyewe tena, kwa hiyo nyanya alipomwekea mgeni firigisi juu ya ugali, alikuwa akimpa zaidi ya nyama. Wanawake na wasichana hawakuila kabisa. Lakini jirani alikuwa na kawaida yake: nyanya akigeuka kuchukua maji, alikata kipande kidogo kwa ukucha na kunitilia kiganjani, kisha akatazama dari. Nilitafuna haraka, moyo ukinidunda kwa furaha ya kutenda kosa na mtu mzima.

Kwa sababu ya kipande kile, ningemfanyia kazi yoyote. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchagua risasi. Mchana, jua likiwa dirishani, alitandika gunia juu ya meza na kupanga vitu vyake: koleo la chuma la kushindilia, mizani ndogo isiyotaka hata mtu apumue karibu, fataki za kuwashia baruti, kopo la baruti yenyewe, na maganda matupu aliyoyasugua kwa majivu hadi yakang'aa. Mke wake alikatazwa kupita na moto karibu na chumba kile, na yeye alijibu kwamba hata bila kukatazwa asingekanyaga mle. Jirani akishika bunduki alizungumza Kiswahili cha shamba la mzungu, hata na mimi. Alisema bunduki ile haisikii Dholuo, lugha yetu.

Vichwa vya risasi vilikaa katika makopo mawili ya majani chai. Kopo moja lilikuwa la vizito, jingine la vyepesi. "Hii nzito, wachana nayo," aliniambia. "Inaingia hapa, inatoka huku, inaendelea na safari yake. Ikigonga jiwe inaruka. Unaona boma ya watu pale ng'ambo? Inafika." Kisha akachukua kimoja chepesi, chenye ncha laini ya madini ya risasi, akakiweka kwenye ukucha wangu. "Hii inakimbia sana, lakini ikiingia inavunjika hukohuko ndani. Haitoki. Risasi nyepesi haiendi nyumba ya jirani." Maneno hayo aliyarudia kila msimu, naye aliyasema kwa fahari kama mtu anayetaja jina la mwanawe.

Niliviviringisha vyepesi juu ya kipande cha kioo. Kilichokwenda sawasawa kilikuwa kizuri, kilichoyumba nilikiweka kando, na chenye ncha iliyopondeka pia. Vidole vyangu vilikuwa vidogo kuliko vyake na macho yangu makali, kwa hiyo ukweli ni kwamba hakuna risasi iliyotoka katika nyumba ile bila kupita mkononi mwangu kwanza. Yeye alipima baruti. Hakupenda kujaza. Alisema risasi ya majivuno hukosa, afadhali kidogo ileile kila mara, kwa sababu bunduki hupenda mazoea kama mzee apendavyo kiti chake. Aliporidhika, alichagua ganda lililochakaa ambalo halingefaa kushindiliwa tena, akanipa liwe langu. Ukilipuliza kwenye ukingo, lilitoa mlio mkali, mwembamba, unaosikika mpaka mtoni.

Mlio huo ndio niliomfundishia mbwa wangu, Polisi. Mjomba wangu alikuwa mchuuzi aliyefika hadi Ntimaru, na safari moja alirudi na mtoto wa mbwa ndani ya kikapu cha vitunguu. Wakuria waliomuuzia walimwambia mama yake mbwa huyo alikuwa hodari wa kulinda mashamba. Nyanya alinung'unika kwamba ni tumbo jingine la kulisha. Lakini mbwa alikua, masikio yakasimama, na siku alipowaona tumbili kwa mara ya kwanza alishuka shambani bila kubweka hata kidogo. Walimsikia alipokuwa tayari katikati yao. Nikimpulizia ganda alirudi, nikimpulizia mara mbili alishuka tena. Hakuua hata tumbili mmoja, maskini, lakini aliwanyima raha, na mwishowe wakahamia ng'ambo ya mto. Majirani wa chini nao wakawa wananiomba nipite kwao asubuhi na Polisi wangu. Msimu ule tulivuna hadi ghala likafurika, na nyanya akaanza kumpa mbwa ukoko wa ugali kwa mkono wake mwenyewe.

Mimi nilimpelekea jirani habari hizo kama zawadi. Nilidhani atafurahi. Nilikaa mezani pake, nikiviringisha risasi, nikimsimulia jinsi tumbili walivyokimbia, jinsi kila mtu alivyosema mbwa huyu ni afadhali kuliko askari. Aliitikia, "Eeh. Eeh." Sikuona kwamba kopo halikuwa linapungua. Sikuona kwamba hakuna mtu aliyekuwa amemchinjia kuku kwa muda mrefu, wala kwamba mikia iliyoanikwa mlangoni pake ilikuwa yote mikavu. Siku hiyo alichukua kichwa kimoja nilichokisifu, akakigeuzageuza kwenye mwanga, akasema, "Hii iko sawa kabisa." Nami nilitabasamu, mpumbavu mimi, kwa kusifiwa.

Asubuhi moja ya palizi nilipuliza ganda na Polisi hakuja. Tulikuwa tumesikia mlio mmoja wa bunduki tukiwa kisimani, lakini mlio wa bunduki kilimani kwetu haukumshtua mtu. Nilishuka nikipuliza. Nilimkuta amelala chini ya mabua ya mwisho, karibu na miti, macho wazi. Nilipiga yowe, na kabla nyanya hajafika, jirani alikuwa tayari amesimama pale, kofia mkononi. Ndiyo, mkononi.

"Ni wale watu wa kuwinda paa," alisema. "Wamepita hapa na bunduki kubwa. Watu wabaya sana. Pole, nyakwara."

Nilikuwa nimepiga magoti, nikimpangusa mbwa kwa gauni langu la shule. Nyuma ya bega palikuwa na tundu dogo ambalo punje ya mahindi ingeliziba. Nilimgeuza. Upande wa pili manyoya yalikuwa makavu, mazuri, kama nilivyoyaacha jana yake. Nikapapasa tena, polepole, kwa vidole vilevile alivyovisifu. Hapakuwa na kitu.

"Haikutoka," nikamwambia.

Aliitazama kofia yake ndani, kama mtu aliyepoteza kitu humo. Kisha akasema, "Shika miguu, tuchimbe shimo." Na akachimba yeye mwenyewe, kwenye migomba, akitoa jasho, akiweka majani chini kwa uangalifu ili mbwa asilale juu ya udongo mtupu. Hilo ndilo ambalo sijawahi kulisamehe. Angemtupa mtoni ningemchukia kwa urahisi zaidi.

Jioni, nyanya akichambua maharagwe, nilimweleza yote: tundu, manyoya makavu, kopo la vyepesi. Nilingoja asimame, achukue mwiko, apande juu akamtukane mbele ya mkewe. Aliendelea kuchambua. "Najua," alisema. "Nilijua nilipomkuta amefika kabla sijaita mtu." Nikamuuliza tutafanya nini. Akapuliza maganda ya maharagwe kutoka kwenye ungo. "Mbwa amekwisha kufa, mtoto wangu. Mahindi bado yako shambani. Ukimwaibisha mwenye bunduki, utalala na tumbili." Nililia, naye aliniacha nilie, na hakuacha kuchambua.

Tumbili walirudi kabla majani ya kwenye kaburi la mbwa hayajakauka. Jirani akashuka, tukasikia mlio, na mkia ukaletwa mlangoni. Nyanya akachinja jogoo. Mimi ndiye niliyetumwa kubeba sahani, na juu ya ugali, peke yake, ilikaa firigisi. Aliila taratibu. Nyanya akageuka kuchukua maji, sijui kwa nini aligeuka, alikuwa na maji tele mbele yake. Jirani akakata kipande kwa ukucha na kuninyooshea kama zamani. Niliuacha mkono wake ukiwa hewani. Ukakaa, ukakaa, kisha ukarudi kwenye sahani, na nyanya akageuka na kumuuliza kama chumvi inatosha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Walisahau kusema kwamba wakati mwingine mwenye nguo anakijua, na bado anakipikia.

Sikurudi tena kwenye meza yake. Ganda nililichomeka ukutani siku ileile, nikalipaka udongo juu. Miaka ilipopita, kibali chake kiliisha na bunduki ikarudishwa serikalini, naye akazeeka, akafa, akazikwa kwa heshima. Nilikuja kwenye mazishi hayo. Msemaji mmoja baada ya mwingine alisimama kusema mzee huyu alitulindia mashamba, na nyanya, aliyekuwa haoni vizuri tena, alitikisa kichwa kukubali kila neno. Naye sasa hayupo. Miti ya mtoni imekatwa ikawa makaa, tumbili hawajulikani walikokwenda, na watoto wa kilima kile wanajua firigisi kama nyama ya kununua hotelini, mtu yeyote anakula.

Kibarua alinitazama nikilisafisha ganda kwa ukingo wa leso. Akaniuliza kama ni la thamani, maana kuna watu wanaonunua shaba Kosele. Nikamwambia hapana. Nililiweka mdomoni, nikapuliza. Mlio ukatoka uleule, mwembamba, ukashuka hadi mtoni, na kwa muda mfupi nilijikuta natazama mabua.

Risasi nyepesi haiendi nyumba ya jirani, alinifundisha. Ile moja ilikuja kwetu. Iliingia, na mpaka leo haijatoka.